Metali iliyokwama gatini: kisa cha Japani na disprosi, 2010 hadi 2025

Asubuhi ya tarehe 7 Septemba 2010 meli ya uvuvi ya China iligongana na boti mbili za walinzi wa pwani wa Japani, karibu na visiwa ambavyo Wajapani huviita Senkaku na Wachina huviita Diaoyu. Nahodha wa meli hiyo alikamatwa, na tarehe 24 mwezi huohuo akaachiwa. Katikati ya siku hizo waagizaji wa Japani walianza kupokea habari za namna moja kutoka bandari za China: shehena za madini adimu, kundi la metali zinazofanana kikemia ambalo disprosi imo, hazipakiwi. Makaratasi yamekamilika, mzigo umefika gatini, lakini forodha wana swali jipya leo, na kesho watakuwa na lingine. Beijing ilikana kwamba kuna amri yoyote ya kuzuia. Wizara ya Uchumi, Biashara na Viwanda ya Japani ilipowauliza waagizaji, jibu lao lilikuwa kwamba mizigo imekwama. Hali ilianza kulegea mwezi Novemba.

Hivyo ndivyo kisa hiki husimuliwa: mzozo wa bahari, nchi moja inakaza kamba, nyingine inalia. Mimi nimekirudia mara nyingi kwa sababu nyingine. Ndani ya mzigo ule uliokwama mlikuwa na metali mbili ambazo watu huzitaja kwa pumzi moja kana kwamba shida yake ni moja. Neodimi na disprosi hukaa pamoja kwenye sumaku, hutoka China zote mbili, na zote zilipanda bei kwa kasi. Lakini Japani ilijikomboa kutoka kwenye shida ya kila moja kwa njia yake. Neodimi ilipatikana kwa pesa na subira. Kwa disprosi, kwa miaka kama kumi na tano, dawa ilikuwa kuitumia kidogo zaidi. Anayechanganya haya mawili hawezi kuelewa kwa nini mwaka 2025 viwanda vya magari vilisimama.

Nianze na kitu kinachoshikika. Ukifungua diski ngumu ya kompyuta iliyokufa, ukatoa skrubu zile ndogo zenye kichwa cha nyota, utakuta kipande cha chuma kilichopinda kama mwezi mchanga, na juu yake kumebandikwa kitu cheupe cha kung'aa, chembamba kuliko kidole. Ndiyo sumaku ya neodimi. Rangi ile nyeupe ni nikeli iliyopakwa juu, kwa maana bila nikeli sumaku hii hupata kutu na kumomonyoka. Ukiziweka mbili karibu hovyo zitakubana ngozi mpaka damu ivie. Umbo lake kwa ndani ni fuwele zenye atomi kumi na nne za chuma kwa kila atomi mbili za neodimi na moja ya boroni. Kwa uzito, karibu theluthi moja tu ndiyo metali adimu. Sehemu kubwa ni chuma.

Sasa weka sumaku hiyohiyo juu ya jiko hadi ipate moto kweli, iache ipoe, kisha jaribu tena kuokotea misumari. Itaokota michache, na pengine isiokote hata mmoja. Joto limevuruga mwelekeo wa usumaku ndani yake, na kupoa hakuurudishi. Sumaku ya neodimi isiyoongezewa kitu huanza kulegea ikipita nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Kwa diski ya kompyuta hilo si tatizo. Ndani ya mota ya gari la mseto, lile lenye injini ya mafuta na mota ya umeme, ni tatizo kubwa, kwa sababu humo joto linaweza kukaribia nyuzi 200, na wakati huohuo koili zinatoa uga wa sumaku unaoisukuma sumaku kutoka upande wa pili.

Hapo ndipo disprosi inapoingia. Ukiondoa sehemu ya neodimi kwenye fuwele na kuweka disprosi mahali pake, sumaku inakuwa kaidi: inashikilia mwelekeo wake hata kwenye moto. Ukaidi huo una gharama. Atomi ya disprosi huelekeza usumaku wake kinyume na ule wa chuma, kwa hiyo kila gramu inayoongezwa inapunguza nguvu ya sumaku yote huku ikiizidishia uvumilivu. Mhandisi hapendi kuiweka. Huiweka kwa sababu bila hiyo mota itapoteza sumaku zake siku gari linapopanda mlima mrefu kwenye jua kali. Katika miaka ile sumaku za mota za magari ya mseto zilikuwa na disprosi ya kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wake. Kwa gari moja ni gramu chache mno ukilinganisha na uzito wa gari, lakini ndizo gramu ambazo hakukuwa na cha kuzibadilisha.

Jina lenyewe linasema kitu. Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran aliigundua mwaka 1886 ndani ya madini mengine yaliyodhaniwa kuwa safi, baada ya kurudiarudia kuyeyusha na kuchuja mara kwa mara, akaipa jina kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kigumu kufikiwa. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1950 ndipo ikapatikana safi kwa kiasi cha maana, baada ya kazi ya Frank Spedding na wenzake huko Iowa, Marekani, ya kutenganisha metali hizi kwa kubadilishana ioni.

Ugumu huo ndio kiini cha kisa. Neno "adimu" limewapotosha wengi. Disprosi ipo kwenye miamba kwa wingi kuliko fedha na dhahabu. Inachokosa ni makazi yake yenyewe: husambaa kidogokidogo, imechanganyika na ndugu zake kumi na kadhaa wanaofanana kikemia kiasi kwamba asidi inayoyeyusha mmoja inayeyusha na mwingine. Kuzitenganisha maana yake ni kupitisha mchanganyiko kwenye mamia ya matangi, moja baada ya jingine, kila tangi likivuta tofauti ndogo sana kati ya ndugu mmoja na jirani yake. Kemia yake iko vitabuni. Kinachochukua miaka ni kujua kuliendesha kundi zima la matangi kwa utulivu, usiku na mchana, bila bidhaa kuchafuka. China ilipata ujuzi huo mapema. Xu Guangxian wa Chuo Kikuu cha Peking aliunda katika miaka ya 1970 hesabu za kupanga matangi hayo, na nchi ikawekeza humo wakati wengine wakifunga vyao. Mgodi wa Mountain Pass wa California, uliowahi kuilisha dunia, ulisimamisha uchimbaji mwaka 2002. Kufikia 2010 zaidi ya asilimia 95 ya madini adimu ya dunia yalitoka China.

Tena hayakutoka mahali pamoja, na hili ni muhimu. Neodimi nyingi ilitoka Bayan Obo, Mongolia ya Ndani, mgodi mkubwa wa chuma ambamo madini adimu ni kitu cha pili. Disprosi ilitoka kusini, kwenye vilima vya udongo mwekundu vya Jiangxi, Guangdong na mikoa jirani. Kule hakuchimbwi mwamba. Hutobolewa mashimo juu ya kilima, humwagiwa maji yenye chumvi ya amonia, na maji yanayotoka chini hukusanywa yakiwa yamebeba metali. Ni rahisi kiasi kwamba mtu mwenye bomba na bwawa la kuchimba kwa mkono aliweza kufanya, na wengi walifanya bila leseni. Vijiji vya chini ya vilima vilibaki na visima vya amonia na mashamba yasiyoota. Mwaka 2012 afisa wa serikali ya China alitaja gharama ya kusafisha eneo la Ganzhou peke yake kuwa yuan bilioni 38. Kila sumaku iliyouzwa kwa bei nafuu katika miaka ile ilikuwa na deni hilo ndani yake, na waliolilipa ni wakulima wa Jiangxi. Nalisema hili mapema kwa sababu kila hesabu ya "bei halisi" inayoliacha nje ni hesabu pungufu.

Nirudi kwenye tarehe. Kabla hata ya meli kugongana, mwezi Julai 2010, China ilikuwa imepunguza mgao wa madini adimu ya kuuzwa nje. Mgao wa mwaka mzima ulishuka hadi tani 30,000 hivi, kutoka tani 50,000 za mwaka uliotangulia. Hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito. Ukipima matukio kwa athari na si kwa kelele, kizuizi cha Septemba ni kidogo: kilidumu kama miezi miwili, na watafiti waliochambua baadaye takwimu za bandari za Japani hawakuona anguko la namna moja kwa metali zote. Mgao ulikaa kwa miaka. Ulizaa bei mbili, ya ndani ya China na ya nje, na pengo kati ya hizo mbili lilikuwa mwaliko wa wazi kwa mtengenezaji wa sumaku: hamishia kiwanda chako huku utapata malighafi kwa bei ya nyumbani.

Kilichofanywa na Septemba ni kuwatisha wanunuzi. Kila mwenye kiwanda akataka akiba, na wote waliitaka kwa wakati mmoja. Kilo ya oksidi ya neodimi, iliyokuwa ikiuzwa kwa makumi ya dola, ilivuka dola 200 katikati ya 2011. Oksidi ya disprosi, iliyokuwa dola mia na kitu mwanzoni mwa miaka hiyo, ilivuka dola 2,000. Soko la disprosi ni dogo mno. Mwaka mzima dunia ilitumia kiasi ambacho meli moja ya mizigo ingekibeba bila kuinama. Katika soko dogo namna hiyo, wanunuzi ishirini wenye hofu wanatosha kupandisha bei mara kumi.

Japani haikuwa imelala kabisa. Ilikuwa na akiba ya taifa ya metali adimu tangu 1983, yenye metali saba: nikeli, kromi, tungsteni, kobalti, molibdeni, manganisi na vanadi. Madini adimu ya kundi la disprosi hayakuwemo katika saba hizo. Akiba ilijengwa kwa ajili ya hofu za zamani, za chuma cha pua na zana za kukatia, na hofu mpya ikaja na sura nyingine. Hata hivyo kuna jambo moja lililofanywa mapema, na kwangu ndilo lililookoa: mwaka 2007, miaka mitatu kabla ya meli kugongana, serikali ilianzisha mradi wa kutafuta mbadala wa metali adimu, na moja ya malengo yake ilikuwa kupunguza disprosi ndani ya sumaku kwa asilimia 30. Mradi huo haukuandikwa kwenye kurasa za mbele za magazeti. Lakini dhoruba ilipokuja, watafiti walikuwa tayari na sampuli mezani.

Neodimi, iliyopatikana kwa kununua

Mwezi Oktoba 2010 serikali ya Japani ilitenga yen bilioni 100 katika bajeti ya nyongeza kwa ajili ya madini adimu. Pesa zilikwenda pande nne: migodi ya nje, kuchakata tena, mbadala, na ruzuku kwa viwanda vinavyobadili mitambo. Zilisainiwa makubaliano mengi, na mengi yake hayakuzaa. Mgodi wa Dong Pao huko Vietnam ulizungumzwa sana bila kufikia uzalishaji uliotarajiwa. Mkataba uliosimama ni ule wa Lynas, kampuni ya Australia yenye mgodi wa Mount Weld katika Australia Magharibi. Mwezi Machi 2011 shirika la serikali la JOGMEC na kampuni ya biashara ya Sojitz waliweka dola milioni 250, na kwa malipo yake Japani ikapata ahadi ya tani 8,500 hivi kila mwaka kwa miaka kumi.

Fedha zilikuwa sehemu rahisi. Lynas ilijenga kiwanda chake cha kutenganisha huko Gebeng, karibu na Kuantan, Malaysia, na wakazi wakapinga. Hawakupinga kwa ujinga. Mwaka 1982 kilifunguliwa Bukit Merah, katika jimbo la Perak, kiwanda cha madini adimu ambamo kampuni ya Kijapani ilikuwa na hisa. Mabaki yake yalikuwa na thori yenye mionzi, wakazi walikwenda mahakamani, na katika miaka ya 1990 kiwanda kilifungwa. Mtu aliyeishi hayo akisikia mzigo wa aina ileile unakuja tena, ana haki ya kuuliza maswali magumu, na Gebeng iliulizwa maswali hayo kwa maandamano makubwa. Uzalishaji ulianza mwishoni mwa 2012 ukiwa umechelewa.

Na ulipoanza, bei ilikuwa imeporomoka. Hofu ilikuwa imepungua, akiba zilizonunuliwa kwa pupa zikawa zinarudishwa sokoni, na magendo kutoka vilima vya kusini mwa China yalijaza mapengo. Mwaka 2014 Shirika la Biashara Duniani liliamua kwamba mgao wa China ulivunja kanuni zake, kufuatia malalamiko ya Marekani, Umoja wa Ulaya na Japani ya mwaka 2012, na mwanzoni mwa 2015 mgao ukaondolewa. Ulikuwa ushindi wa kisheria uliokuja wakati soko limekwisha kuhama.

Hapa pana majaribio mawili yaliyofanyika kwa wakati mmoja, na ni nadra historia kutupa kitu kizuri hivi cha kulinganisha. Molycorp ya Marekani iliuza hisa zake sokoni Julai 2010 kwa dola 14, zikapanda kupita dola 70 mwaka uliofuata, ikafufua Mountain Pass kwa mikopo mikubwa, na mwezi Juni 2015 ikaomba ulinzi wa mufilisi. Lynas ilipita katika bei zilezile za chini, na mitambo iliyosumbua vilevile. Tofauti ilikuwa kwa mkopeshaji. Wadai wa Molycorp walikuwa watu wa soko waliotaka pesa zao kwa tarehe iliyoandikwa. Mkopeshaji mkuu wa Lynas alikuwa Japani, iliyotaka neodimi kuliko ilivyotaka riba. Lynas ilipoelemewa, wakopeshaji wa Kijapani walisogeza tarehe na kulegeza riba. Kampuni ikapumua, na hadi leo ndiyo msambazaji mkubwa wa madini adimu yaliyotenganishwa nje ya China. Sehemu ya madini adimu ambayo Japani huagiza China ilishuka kutoka karibu asilimia 90 hadi kama 60 ndani ya muongo mmoja.

Wengi hufunga kitabu hapo na kutangaza ushindi. Kwa neodimi ni kweli. Tatizo ni kwamba Mount Weld ni mgodi wa metali nyepesi za kundi hili, kama neodimi, na disprosi ni miongoni mwa zile nzito. Disprosi imo kidogo mno, na Gebeng haikuwa na mtambo wa kuitoa peke yake. Kile kidogo kilichokuwemo kiliuzwa kikiwa mchanganyiko, ili kitenganishwe na wengine. Na waliojua kukitenganisha kwa wingi walikuwa China. Kwa hiyo miaka yote ile ya takwimu za kupendeza, disprosi ya Japani iliendelea kutoka mahali palepale.

Disprosi, iliyobaniwa

Kilichoiokoa Japani upande huu kilitoka maabara, na ndicho ninachokipenda zaidi katika kisa chote, kwa sababu kilianza kwa kuuliza swali dogo: sumaku inapogeuka, inaanza kugeukia wapi?

Sumaku ya neodimi iliyotengenezwa kwa kawaida ni unga uliobanwa na kuokwa. Ukiitazama kwa darubini ya elektroni utaona chembe zilizosongamana kama kokoto, kila moja ikiwa na upana wa maikromita chache, na kati ya chembe na chembe kuna utando mwembamba ulio na neodimi nyingi. Joto linapopanda, chembe haianzi kugeuka katikati yake. Inaanzia kwenye ngozi, pale inapogusana na jirani, ambako mpangilio wa atomi umeharibika kidogo. Ngozi ikishageuka, mwili unafuata. Sasa, njia ya zamani ya kuongeza disprosi ilikuwa kuiyeyusha pamoja na kila kitu tangu mwanzo, ikasambaa ndani ya kila chembe mpaka kiini. Disprosi iliyokaa kiini haikulinda chochote. Ilikuwa inapunguza nguvu ya sumaku bure, na kuongeza gharama.

Dawa ni kuiweka kwenye ngozi tu. Sumaku hutengenezwa kwanza bila disprosi au na kidogo, hukatwa kwa umbo lake la mwisho, hupakwa nje kwa unga wenye disprosi, kisha hurudishwa tanuruni kwenye joto la karibu nyuzi 900 kwa saa kadhaa. Kwenye joto hilo tando za kati ya chembe huyeyuka wakati chembe zenyewe zikibaki ngumu. Disprosi hupenya kupitia tando hizo kama maji kwenye nyufa za ukuta, na hubaki kwenye nyuso za chembe. Ni sawa na kupaka ukuta rangi badala ya kuichanganya rangi na saruji yote. Watafiti wa Shin-Etsu, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa sumaku nchini Japani, walikuwa wameeleza njia hii katikati ya miaka ya 2000. Mgogoro uliitoa maabara ukaiingiza kiwandani. Mwezi Novemba 2012 Nissan ilitangaza kwamba mota mpya ya gari lake la umeme, Leaf, ina disprosi pungufu kwa asilimia 40.

Honda ilikwenda mbele zaidi, ikishirikiana na Daido Steel. Wao walipunguza chembe zenyewe. Chembe ikiwa ndogo inakuwa kaidi zaidi, lakini unga laini mno hushika moto ukigusa hewa, kwa hiyo njia ya kubana na kuoka ina mpaka wake. Daido ilitumia njia nyingine: aloi iliyopozwa kwa kasi kubwa hadi ikawa na fuwele ndogo sana, ikabanwa, kisha ikasukumwa ikiwa ya moto mpaka fuwele zikalala upande mmoja. Chembe za sumaku hiyo ni ndogo kama mara kumi kuliko za njia ya kawaida. Mwaka 2016 wakatangaza sumaku ya mota ya gari la mseto isiyo na disprosi wala terbi (ndugu yake anayefanya kazi ileile) kabisa, ikaingia kwenye Honda Freed. Ilibidi mota yenyewe ichorwe upya ili sumaku zisipate joto kupita kiasi. Hilo ni jambo la kuzingatia: mwanasayansi wa sumaku na mchoraji wa mota walikaa meza moja. Kila mmoja akibaki ofisini kwake, wa kwanza angeendelea kuongeza disprosi na wa pili angeendelea kuidai.

Kuhusu kuchakata tena sitakaa sana. Hitachi ilionyesha mwishoni mwa 2010 mashine ya kufumua diski kwa pipa linalozunguka na kutikisa, iliyotoa sumaku 100 kwa saa pale ambapo mfanyakazi kwa mikono alitoa 12. Ni kazi nzuri. Lakini diski, kama nilivyosema, hazipati joto kali, na sumaku zake zina disprosi kidogo au hazina. Disprosi ilikuwa ndani ya magari ambayo bado yalikuwa barabarani na yangebaki huko miaka mingi.

Kosa lililoleta shida ya 2025 liko wapi, basi? Liko katika kile ambacho wengine hawakukichukua kutoka kwenye kisa hiki. Bei iliposhuka (mwaka 2016 kilo ya oksidi ya disprosi ilikuwa chini ya dola 300), mhandisi nje ya Japani aliyeomba muda wa kupunguza disprosi alikosa mtu wa kumsikiliza. Ilikuwa rahisi kuagiza sumaku iliyokamilika kutoka China, ikiwa na disprosi yake ndani, kuliko kuchora mota upya. Nchi nyingi ziliendelea kuzungumzia migodi. Mgodi hupigwa picha na waziri huukata utepe, na utando mwembamba kati ya chembe haupigwi picha na mtu. Nadhani ndiyo sababu kubwa, na inaniumiza, kwa sababu kazi yote ilikuwa imechapishwa na yeyote angeweza kuisoma.

Tarehe 4 Aprili 2025, katikati ya mzozo wa ushuru na Marekani, China iliweka leseni za kuuza nje kwa metali saba: samari, gadolini, terbi, disprosi, luteti, skandi na itri, pamoja na sumaku zenye baadhi yake. Isome orodha hiyo taratibu. Neodimi haimo. Nadhani aliyeiandika alijua vizuri kwamba neodimi ina mlango wa pili Australia, na kwamba disprosi haina. Sumaku yenye chembe tu ya disprosi ilihitaji leseni, na leseni zilikuja polepole. Kabla ya Juni kwisha, Ford ilikuwa imesimamisha kwa muda uzalishaji wa Explorer katika kiwanda chake cha Chicago, na Suzuki ilikuwa imesimamisha utengenezaji wa Swift nchini Japani. Hata Japani, mwalimu wa somo hili, haikuponea yote: watengenezaji waliobana disprosi walikuwa na nafasi ya kupumua, na wale walionunua vipuri vilivyokamilika bila kuuliza kilichomo walisimama.

Japani ilikuwa imeanza kulishughulikia pengo hilo miaka miwili kabla. Mwaka 2023 JOGMEC na Sojitz walirudi kwa Lynas na dola za Australia milioni 200, safari hii kwa ajili ya metali nzito, wakapewa haki ya hadi asilimia 65 ya disprosi na terbi itakayotokana na Mount Weld. Mwezi Mei 2025, wakati leseni zikiwa zimekwama, Gebeng ilitangaza kwamba imetoa oksidi ya disprosi iliyotenganishwa, ya kwanza ya kibiashara nje ya China kwa miaka mingi, na mwezi uliofuata ikatoa terbi. Mtambo wake umejengwa kupokea hadi tani 1,500 za mchanganyiko wa metali nzito kwa mwaka, na disprosi ni sehemu ndogo tu ya mchanganyiko huo. Ikiingizwa kwenye sumaku za mtindo wa 2009, zenye asilimia 8 au 9 mpaka kiini cha kila chembe, itaisha kwa magari machache. Ikipakwa kwenye ngozi ya chembe, oksidi hiyohiyo itatosha magari mengi zaidi, na njia ya kuipaka imekuwa wazi kwa takriban miaka ishirini.